Hajala, Hajanywa

Tabibu wa meno hakukumbuka watu kwa sura. Alikumbuka vinywa. Tulikuwa tukipita mnadani Katesh, mtu mzima na fimbo yake anatusimamisha, anamwamkia kwa heshima zote, naye Tabibu anamtazama kama mgeni aliyeshuka sasa hivi. Kisha yule mtu anacheka, meno yanaonekana, na Tabibu anapiga makofi.

"Kumbe ni wewe, gego la chini kushoto! Lilipona lile?"

Watu walicheka. Mwenye gego hakuona haya. Alifungua mdomo palepale, kati ya mbuzi na marundo ya mitumba, akamwonyesha.

Mimi nilikuwa nyuma yake na daftari. Nilifanya naye kazi miaka mitatu. Tangu alipohama nimetaka kuandika habari zake, na kila mara nimechana karatasi, kwa sababu kila nilipoanza nilijikuta naandika juu ya mama hodari aliyesaidiwa na msichana mwaminifu. Nusu ya pili si kweli. Afadhali niseme mapema: nilimharibia kazi yake kubwa, nikamwacha aamini kwamba ameiharibu mwenyewe.

Alizaliwa wapi na nani, hayo wataeleza ndugu zake. Alikuwa mtu wa pwani, Mwislamu, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, aliyeletwa na serikali kwenye zahanati ya shamba la ngano wakati shamba lile lilikuwa bado na nguvu zake zote. Ngano ilianzia nyuma ya choo cha zahanati ikaenda mpaka macho yakachoka. Watu walitaka kumwita Daktari, akakataa. "Daktari amesoma kuliko mimi. Mimi ni tabibu. Nang'oa, naziba, nasema punguzeni sukari, basi."

Alinipata kwa sababu ya lugha. Baba yangu alikuwa dereva wa kombaini, mama yangu binti wa wafugaji wa Kibarbaig, na kwa mama nilipata lugha ambayo Tabibu hakuwa nayo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, jina langu halikutoka kwenda sekondari, na kwa miaka kadhaa nilikaa nyumbani Mogitu nikisoma chochote chenye herufi: maelezo ya dawa ya kupe, mifuko ya mbolea, magazeti yaliyofungia sukari. Siku niliyokwenda kuomba kazi alinipa kichupa cha kioo, kidogo kama kidole gumba.

"Osha hiki."

Nilikiosha. Nikakitazama kwenye mwanga, nikakiosha tena. Nilipofika mara ya tano au ya sita akaja nyuma yangu.

"Binti, unakiosha au unakibatiza?"

"Naona kama kuna alama, Tabibu."

"Hiyo alama ni ya kiwandani." Alinitazama kidogo, mdomoni bila shaka. "Kesho njoo saa moja. Mtu mwenye wasiwasi hapotezi kifuniko."

Nyumbani wasiwasi wangu ulikuwa kama ugonjwa. Mama alisema nitazeeka kabla ya kuolewa. Kwa Tabibu ulikuwa cheti. Ndiyo maana nilimpenda, na ndiyo maana nilimwogopa.

Vichupa vilikuwa vya mate. Jambo lililomsumbua Tabibu lilikuwa hili: watoto wa kambi ya wafanyakazi wa shamba walitoboka meno kabla hata hawajaota yale ya ukubwani. Wafugaji wa maboma ya tambarare walikuwa na meno ya kahawia kama chai ya rangi, kwa sababu ya madini ya visimani, lakini wazee wao walikuwa bado wanavunja nayo mifupa. Kila mtu alikuwa na jibu. Ni maji, walisema. "Watoto wa kambi wanakunywa maji yaleyale," alijibu. Basi ni sukari. "Sukari ndiyo. Lakini yapo maboma yanayotia sukari kwenye chai na bado meno yamesimama. Nataka kusikia mate yanasemaje."

Alinifundisha hivi, na mpaka leo naweza kusimulia nikiwa nimefumba macho. Mate si maji tu. Ukila, kinywa kinakuwa kichachu, na uchachu ule unakula jino. Mate yanakuja, yanaosha, yanapunguza ule uchachu, kisha yanalirudishia jino madini yaliyotoka. Kuna mtu mwenye mate mengi, kuna mwenye machache; kuna ambaye mate yake yanashinda uchachu upesi, na kuna ambaye yanashindwa. Alimkalisha mtu dakika tano, akapima ametoa kiasi gani, akachovya karatasi ya kupimia uchachu. Yaliyobaki yalifungwa yakawekwa kwenye kasha la barafu, yapelekwe mjini, ambako mwalimu mmoja wa chuo alikubali kumpimia madini na sukari iliyomo. Alikubali mara moja tu, kwa hisani.

Masharti yalikuwa machache. Kubwa kuliko yote: mtu awe hajatia kitu kinywani tangu aamke. Chini ya jina na umri, kila fomu ilikuwa na mstari niliotakiwa kuujaza mwenyewe baada ya kuuliza na kuona: Hajala, hajanywa.

"Jino ni shahidi," alipenda kusema, "mate ni karani. Shahidi hukaa kimya mpaka aitwe. Karani anaandika kila siku."

Si kwamba mwenyewe alifuata mafundisho yake. Chai yake ilikuwa na vijiko vinne vya sukari, na aliikoroga kwa kelele ili usidhani anajificha. Nikimtazama alisema, "Mimi sina tena cha kupoteza," na ilikuwa kweli: meno yake ya juu yote yalikuwa ya bandia. Katika shule moja ya Gitting aliwauliza watoto nani anataka kuwa kama yeye, halafu akayatoa. Watoto walipiga mayowe wakakimbilia ukutani. Kisha mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, atoe tena!"

Aliweza kumpandia mtu mzima goti kifuani akang'oa jino bila kutikisika, lakini ng'ombe wakikatiza njia alijificha nyuma yangu akishika kitenge changu. Alichukia kabisa mtu kutema ovyo. Aliniamuru niandike tangazo kwa herufi kubwa, USITEME MATE HAPA, tukalibandika mlangoni mwa chumba kilekile tulimokuwa tukiwaomba watu mate. Mzee mmoja wa kambini alilisoma neno kwa neno, akatazama kichupa mkononi mwake, akaniuliza kwa upole, "Sasa dada, nitii lipi?"

Na kuna ile ya dereva wa kombaini. Ilikuwa wakati wa mavuno, dereva kijana, mtu wa mizaha mingi, shavu limevimba kama andazi, na msimamizi hataki kumruhusu kuondoka. Tabibu alivuka mabua ya ngano akiwa na koleo ndani ya mkoba, akapanda ngazi ya mashine.

"Zima."

"Mama, haizimwi hii. Msimamizi ananiangalia."

"Basi usizime. Fungua mdomo."

"Mama yangu, nitakufa juu ya kombaini!"

"Hufi. Ukifa nitaiendesha mwenyewe."

Alimchoma sindano ya ganzi, akangoja, akalitoa, injini ikiunguruma na makapi yakitujaa nywele. Lile jino akalitia kwenye mfuko wa shati la dereva. "Msimamizi akiuliza nilifuata nini huku, mwonyeshe."

Naona nazungukazunguka. Nataka mumpende kabla sijafika bomani.

Wafugaji hawakulipenda shamba, na walikuwa na sababu. Malisho yao yalikuwa yamelimwa, njia za mifugo zimefungwa, na ng'ombe aliyeingia kwenye ngano alimletea mwenyewe balaa. Kwa hiyo Tabibu alikataa Landrova ya shamba. Tulikwenda kwa miguu. Mara ya kwanza tulisalimia tu tukarudi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu mzee mwenye boma, mrefu, amejifunga shuka, aliniruhusu nieleze tumefuata nini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kwa lugha yao:

"Mwulize mama huyu. Malisho mmechukua. Visima mmechukua. Sasa mmekuja kuchukua mate?"

Boma zima lilicheka, ila si cheko la furaha. Nilimtafsiria Tabibu kwamba mzee anauliza mate ni ya nini. Akanikazia macho.

"Watu hawachekei swali fupi hivyo. Umelipunguza. Sema lote."

Nikasema lote. Tabibu akajibu. "Mwambie ni kweli. Lakini mate nitayarudisha. Nitakuja kumwambia yamesema nini."

"Na malisho je?" akauliza mzee.

"Malisho siyawezi."

Mzee alinigeukia. "Huyu hasemi uongo," aliniambia. "Tutampa. Mje asubuhi, kabla ya watu kula."

Tulifika jua likichomoza. Wazee walikuwa wameketi, na kati yao kulikuwa na kibuyu cha pombe ya asali. Tabibu alipoona kibuyu alifanya kama alivyofanya siku zote penye pombe: alisogea kwa adabu hadi kwenye uzio wa miiba, akatugeuzia mgongo, akaniachia kazi. Wazee nao, kwa kumheshimu, wakakifunika kibuyu kwa ngozi ili akigeuka asikione. Kila upande ulikuwa ukiutunzia mwenzake heshima.

Nikampa mzee kichupa cha kwanza. Akasimama. Wenzake wote wakasimama. Akafunua kibuyu, akapiga funda moja, akalishika kinywani, kisha akaleta kichupa mdomoni akatema taratibu, kama mtu anayetia mafuta kwenye taa. Kisha akasema maneno ambayo niliwahi kuyasikia kwenye harusi, upande wa mama: njia yako iwe na unyevu, nyumba yako iwe na maziwa.

Nilielewa palepale. Kwa watu wa mama yangu, mate ya mzee ni baraka. Anakutemea mkononi au kifuani, nawe unatoka umetiwa nguvu. Na baraka haitoki kwenye kinywa kitupu. Inatoka na maziwa au asali, vinginevyo ni uchoyo. Mama aliyekuja kwa miguu ameomba mate yao ayapeleke mjini. Basi wakaona wampe vizuri.

Nilipaswa kusema, babu, subiri. Lakini msichana wa miaka kumi na tisa amkatishe mzee katikati ya baraka? Wa pili akapiga funda. Wa tatu. Kutoka kwenye uzio Tabibu akauliza bila kugeuka, "Hawajala?"

"Hawajala, Tabibu."

"Hawajanywa?"

"Hawajanywa."

Nikaandika. Fomu zote za boma lile, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote: Hajala, hajanywa.

Nimejipa sababu nyingi. Kwamba niliwaogopa wazee. Kwamba niliogopa kumwona Tabibu akivunjika moyo baada ya safari tatu. Ni kweli zote mbili. Lakini iliyo chini kabisa, ninayoionea haya, ni kwamba fomu zangu hazikuwa zimefutwa hata mahali pamoja tangu nianze kazi, na sikutaka zile ziwe za kwanza.

Barua kutoka mjini niliipokea mimi. Ilisema mate ya boma yamekutwa na sukari nyingi na dalili za kuchacha. Kwamba vichupa bila shaka havikuoshwa vizuri. Kwamba kwa hiyo hata vile vya watoto wa kambi haviwezi kuaminika. Na kwamba mwalimu yule hatakuwa na nafasi tena. Tabibu aliisoma amesimama. Akaisoma tena.

"Ni mimi," akasema. "Vya boma niliviosha mwenyewe, wewe ulikuwa na homa. Nilitumia ndoo ya kantini ya shamba. Ile ndoo wanakorogea chai."

Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilivyoufungua. Kilichotoka ni, "Pole, Tabibu."

Tangu hapo aliosha vichupa kila asubuhi, ingawa havikuwa na kazi. Alivipanga kwenye kitambaa, akavitazama kwenye mwanga kama nilivyofanya mimi siku ile ya kwanza, akavirudisha majini. Bomani hakurudi. Aliona haya kwenda mikono mitupu kwa mtu aliyemwahidi habari. Mzee alinitumia ujumbe mara mbili: "Mama wa mate yuko wapi?" Mara mbili nilijibu ana kazi nyingi. Hesabuni na uongo huo.

Alihama, kisha akastaafu. Shamba nalo likaanza kuchoka. Kombaini moja ilikosa vipuri ikaachwa ilipofia, na nyasi za malisho zikarudi zikaizunguka matairi. Mimi niliendelea kujisomea, nikapata kazi ya uhudumu kwenye zahanati ileile. Kiangazi kilichopita yule mzee wa boma alifariki. Nilikwenda msibani na mama, na mwanawe mkubwa akaniuliza, bila ubaya wowote, kama yule mama wa mjini aliwahi kupata majibu. Baba yake alikuwa akiuliza.

Juma lile nilipanda lori la mahindi hadi Dongobesh.

Tabibu alikuwa amepanga chumba nyuma ya duka la vitambaa, karibu na soko. Nilibisha.

"Shikamoo, Tabibu."

"Marahaba." Alinitazama kama mgeni. Nikalazimisha tabasamu, na uso wake ukafunguka. "Aa! Ya mbele mawili yaliyopandana! Karibu, mwanangu, karibu."

Alikuwa amepungua. Aliongea kwa vituo, akinyonya maji kidogo kila baada ya maneno machache. "Dawa za presha," alisema. "Zimenikausha mate. Unaona Mungu anavyonitania? Mimi, niliyeomba mate ya watu wilaya nzima." Akanimiminia maziwa kwenye kikombe, na yake kwenye kikombe kingine.

Nilimwambia mzee amefariki. "Inna lillahi," akasema, akainamisha kichwa. Na kabla sijapata muda wa kupanga maneno nikamwambia yote: kibuyu, funda, ngozi, fomu.

"Rudia."

Nikarudia.

"Wote?"

"Wote wa boma lile."

"Na mimi nimesimama pale na mgongo wangu, najiona nina adabu." "Unajua nilimwandikia mpishi wa kantini barua nikamgombeza kwa ajili ya ndoo? Mtu wa watu! Ulikuwa uandike neno moja. Amekunywa. Ningejua, ningerudi siku nyingine, tungeanza upya. Neno moja, binti!"

"Naomba radhi, Tabibu."

"Toka nje."

Nilitoka. Nilikaa kwenye kizingiti huku mwenye duka la vitambaa akinichungulia. "Kuna nini, dada?" "Nimemkosea," nilisema. "Mh," akasema, akaendelea kukunja khanga. Ndani nilisikia sanduku likivutwa sakafuni, kisha kitu kikigongana kama vioo. Nilikaa muda wa kutosha kujua kwamba lori la kurudi limeniacha.

"Njoo."

Juu ya kitanda alikuwa ametandaza vichupa, vyote, safi, na kando yake rundo la fomu lililofungwa kwa uzi wa mshono.

"Kalamu unayo?"

"Ninayo."

"Futa."

Alisoma jina, nami nikapiga mstari juu ya mwandiko wangu mzuri, nikaandika chini yake: Amekunywa, pombe ya asali. Jina jingine. Mstari. Mkono wangu haukuzoea, mistari ilipinda. Alipofika kwa mzee mwenye boma akauliza, "Alisema nini? Wakati anatema. Nilisikia sauti yake, hukunitafsiria."

"Alisema, njia yako iwe na unyevu, nyumba yako iwe na maziwa."

Alikaa na ile karatasi mapajani.

"Kumbe nilipewa hicho," akasema, "nikakipeleka maabara."

Tulipomaliza ilibaki fomu moja tupu. Akanisogezea. "Andika yangu. Jina unalijua, umri weka wowote. Sasa uliza."

"Umekula?"

"Sijala. Sijanywa isipokuwa maji, na hayo unayaona." Akachukua kichupa, akakileta mdomoni, akangoja. Nilitazama saa yangu kama zamani. Dakika tano zilipita. Chini ya kichupa hakukuwa na kitu, unyevu tu ukutani mwa kioo, kama pumzi. Alikitazama kwenye mwanga, akacheka kidogo bila sauti, akakiweka.

Kisha akachukua kikombe chake cha maziwa, akapiga funda, akalishika kinywani. Akanivuta mikono yote miwili, akaifungua viganja, akanitemea, manyunyu ya uvuguvugu, kwenye vidole na kalamu na yote.

"Njia yako iwe na unyevu," alisema kwa Kiswahili chake cha pwani. "Nyumba yako iwe na maziwa. Sasa usikae na kalamu hewani. Andika."

Niliandika: Amekunywa. Tone moja la maziwa lilikuwa limeangukia mstari ule, na wino ukatawanyika ndani yake. Sikuomba karatasi nyingine.